Shukrani kwa bi mkubwa wa mikeka, Ngamiani

Shikamoo bibi. Jina lako sikuliuliza siku ile, na aibu hiyo ni yangu.

Mimi ni yule mwalimu aliyekuwa ananunua ndimu huku analalamika simuni kwamba karatasi za litimasi, zile za kupimia asidi na besi kwa kubadilika rangi, zimekwisha na kidato cha tatu wanasubiri somo hilo. Ulikuwa barazani unasuka ukili, ukaniita: "Mwanangu, hebu njoo." Ukachukua chane ya ukindu uliyoichemsha na manjano, ukachovya kidole kwenye maji ya magadi, ukaipaka. Palepale ikawa nyekundu, kama mate ya mla tambuu. Ukakamulia ndimu, umanjano ukarudi. Nimesoma kemia miaka mingi, lakini nilibaki mdomo wazi.

Ukanipa tita zima, pesa ukakataa.

Darasani walijaribu kila kitu: siki, majivu, sabuni ya kufulia, hata soda. Kijana mmoja akauliza, je, mkeka wa rangi hii ukifuliwa kwa sabuni, si utageuka mwekundu? Ndipo nikaelewa kwa nini ulisema manjano ni ya kuchezea tu, jua nalo huyapausha, na kwamba rangi nyingine za mizizi na magome hutiwa shabu kwanza. Shabu ina alumini, nayo ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Kipindi kizima kikaishia hapo, mada ya siku ile hatukuimaliza.

Nimepita mara mbili, nimekuta mlango umefungwa. Ahsante sana, bibi. Chane zimebaki tisa, na ndimu zako ninazo.