Mulembe, na Krismasi Njema: Kiti cha Kuka

Mulembe, jamaa zangu. Mulembe kwenu mlio kwenye foleni ya basi Nairobi mkilaani nauli, na kwenu ambao mwaka huu hamtafika kwa sababu ya kazi au karo ya Januari. Huku Kakamega jua limeanza kuwaka, vumbi la barabara ya Shinyalu limerudi, na kila boma lina jogoo ambaye watoto wameshamgawana vipande angali anawika.

Mimi nimetangulia. Jana nilitoa kiti cha Kuka, babu yetu, nje nikakifuta vumbi, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa waya. Miaka zaidi ya 20 tangu tumzike, na bado hakuna anayekikalia bila kutazama nyuma kwanza.

Wengi wenu mlimjua kama hakimu. Alikaa kwenye mahakama za Waafrika, zile za enzi ya mkoloni zilizosikiliza kesi za mashamba, mahari na ng'ombe, mpaka sheria ya 1967 ilipozifuta. Sheria ilifuta mahakama, haikufuta kesi. Watu waliendelea kumletea zilezile hapa nyumbani, na malipo yake yakawa chai.

Kabla ya hapo alikuwa mkimbiaji wa maili moja. Siku hizo Kakamega ilikuwa Mkoa wa Nyanza, kapu moja na Kisii, na Kisii ndiko alikotoka Nyandika Maiyoro. Kuka alidai anamfahamu Maiyoro kuliko watu wengi: mgongo wake. Maiyoro alifika Olimpiki ya Melbourne 1956 akawa wa 7 katika mita 5,000. Kuka alibaki na kesi zake za ng'ombe, na sikuwahi kumsikia akinung'unika, ingawa redio ikitangaza riadha hakuna aliyeruhusiwa kukohoa.

Na kabla ya hayo yote alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Sisi watoto tulidhani Burma anayoitaja ni lile soko la nyama la Nairobi. Kumbe ni nchi ya Asia alikopigana Vita vya Pili vya Dunia, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa beji ya kichwa cha kifaru, waliopita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua, matope na malaria, hadi Mto Chindwin. Pale Kalewa, mwezi wa Desemba, lilitandazwa daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100. Daraja hilo angeweza kulisimulia hadi usiku. Kuhusu wenzake waliobaki huko hakusema kitu. Ila kila Krismasi, chakula kikishatengwa, alimega tonge la kwanza la ugali akaliweka ukingoni mwa sahani, na halikuliwa na mtu. Kukhu, nyanya yetu, alikuwa ametuonya tusiulize.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni namna alivyoamua kesi za mipaka. Krismasi ndiyo msimu wake, kwa sababu ndipo ndugu wote wako nyumbani na kila mmoja amekuja na ramani yake kichwani. Kuka hakuwasikiliza wakiwa wamekaa. Alisema mpaka ni kitu cha miguu. Aliwachukua wagomvi, akaanza nao kwenye mkonge wa kwanza wa mpaka, akawazungusha shamba zima kwa mwendo wake, na mnajua mwendo wa mtu wa maili moja. Mzunguko wa kwanza walitukanana. Wa pili walilaumiana kwa sentensi fupifupi. Wa tatu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumtaja mama wa mwenzake, na hapo ndipo Kuka aliposimama, akauliza kwa upole, "Haya, mkonge ulikuwa wapi?" Mara nyingi walionyesha mahali pamoja.

Si kila mara. Kuna kesi moja ya kisima aliizungusha Krismasi tatu mfululizo, akashindwa, na alikiri kuwa ameshindwa. Wazee wa kijiji bado wanacheka.

Sasa, baba mdogo, na wewe senge, shangazi yangu, najua mnasoma hapa hata kama hamsalimiani. Kile kipande cha chini karibu na mto kimetulaza bila usingizi tangu Pasaka, na mwaka huu nimesikia mmoja wenu anataka kula Krismasi kwa wakwe ili asimwone mwenzake. Njooni nyumbani. Tarehe 25 tutakula pamoja, na tonge la kwanza nitaliweka ukingoni mimi. Tarehe 26 saa moja asubuhi, kabla vijana hawajaondoka kwenda kutazama fahali wakipigana, nitawangoja kwenye mkonge wa kwanza. Sina pumzi za Kuka, kwa hiyo tutakwenda polepole na huenda tukazunguka mara tano. Vaeni viatu vya matope. Chai itakuwa jikoni.

Krismasi njema, na mwaka mpya wa heri.