Shule ndogo zinaumizwa na hesabu ya vichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua za wasomaji. Huku kwetu wakija viongozi wa elimu mkutano mzima ni ufaulu, ufaulu, ufaulu, hela hawaigusi kabisa, sasa mimi nataka tuiguse leo maana nimewahi kukaa kwenye kamati ya shule na hizo karatasi nimezisoma.

Chukua shule ya msingi ya serikali yenye watoto 200. Uvinza ukanda wa ziwa shule za hivyo zipo, kijiji kimebanwa kati ya mlima na maji, kaya ni zile zile, hao watoto wengine watatoka wapi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ila 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayoshuka shuleni ni 6,000. Zidisha mara 200 unapata milioni moja na laki mbili kwa mwaka mzima, gawa kwa miezi 12, inakuja laki moja. Laki moja kwa mwezi ndo inunue chaki, karatasi, itoe mitihani ya majaribio, ibadilishe kitasa, inunue mpira wa watoto, na wino wa printa kama printa yenyewe ipo.

Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, ile iliyoanza 2016, ni laki mbili kwa mwezi. Jamani msinielewe vibaya, sisemi apunguziwe, najua walimu wakuu ambao nusu ya hiyo posho inaishia humo humo shuleni wanatoa mfukoni kimya kimya. Ila iangalie tu hiyo hesabu, anayesimamia shule analipwa kwa usimamizi peke yake, mshahara hujaugusa, mara mbili ya kile inachopewa shule yenyewe.

Nenda sasa shule ya mjini, tuseme Ujiji, yenye watoto 1,500. Hiyo inapata milioni tisa kwa mwaka, laki saba na nusu kwa mwezi. Najua nao wana shida zao, watoto wamebanana darasani kama dagaa kwenye gunia na vyoo havitoshi, siwaonei wivu. Lakini vitu vingi vya shule haviangalii idadi ya watoto. Ofisi ni moja, daftari la mahudhurio ni lile lile, safari ya kupeleka taarifa wilayani ni ile ile, na kwa sisi wa huku safari ni ndefu zaidi, wengine ni boti, ziwa likichafuka unalala njiani na hiyo nauli imetoka kwenye hiyo laki moja. Benki ipo mbali. Manunuzi ya serikali siku hizi ni mpaka kwenye mfumo wa NeST, sawa, nia ni nzuri, ila mtandao wenyewe unaupata ukipanda kilimani, na mangi wetu wa dukani pale kijijini hana mashine ya risiti ya EFD kwahiyo chaki iliyopo hatua hamsini kutoka ofisi ya mwalimu inabidi ikanunuliwe mjini.

Hicho kiwango cha 10,000 kilikuja na MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002. Kilipangwa kiwe sawa na dola kumi, na kipindi kile kweli ilikuwa dola kumi, leo hiyo hiyo 10,000 ni kama dola nne tu. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule sasa nao wana watoto shuleni na wanaletewa kiwango kile kile.

Nitende haki pia, maana kuna kitu kimefanyika vizuri. Zamani hela ilikuwa inapitia halmashauri, inachelewa, inafika imekonda. Tangu Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza Hazina inatuma moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na hilo wazazi wengi hawalijui, bado wanafikiri mkurugenzi anaikalia. Hapana, hela inakuja, ndogo lakini inakuja, na inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mtu aione. Shule zisizobandika zipo, na wazazi wasiouliza ni wengi zaidi. Kamati ya shule tunaichagua kwenye mkutano kwa kunyoosha mikono, tunachagua mtu kwa sababu ni mpole au kwa sababu hakuna aliyemkataa, halafu tunarudi nyumbani. Mwalimu mkuu ndo katibu, anaandaa bajeti, anaandika muhtasari, memba wanasaini. Siku ya kwanza nilipouliza kwanini fungu la ukarabati limehamia kwenye mitihani niliangaliwa kama nimemtukana mtu, ingawa jibu lilikuwa la maana kabisa, bila kuhamisha watoto wasingefanya mtihani wa majaribio.

Na hata hiyo kamati ikiamka inagusa nini? Walimu waliopo inaletewa, aliyehama haiwezi kuziba pengo lake. Mwajiri wa mwalimu ni mkurugenzi, nidhamu yake na kupanda cheo ipo Tume ya Utumishi wa Walimu, mtaala upo wizarani, mtihani upo NECTA, hela ipo TAMISEMI na Hazina. Kule Marekani wilaya ya shule hata iwe ndogo namna gani kwa kawaida inakuwa na bodi iliyopigiwa kura na wakazi, bodi inaajiri mkuu wa shule zote za pale na sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye kodi ya nyumba na viwanja vya hapo hapo. Siutamani huo mfumo wote, kwa mapato ya kijiji chetu tungefunga shule Jumatano. Ila majimbo kadhaa huko yana nyongeza maalumu kwa shule ndogo na za mbali, kwa sababu waligundua hesabu ya vichwa peke yake inaziua. Hilo moja tungeliiga.

Hesabu hiyo hiyo inatuumiza kwa walimu. Uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Shule ya watoto 200 kwa hesabu hiyo inahitaji walimu wanne, watano. Madarasa ni mangapi? Awali, la kwanza mpaka la saba, nane. Kwahiyo shule ina walimu watano kwa madarasa nane na kwenye ripoti inaonekana haina upungufu! Nimesikia kwa masikio yangu tukiambiwa sisi tuna afadhali, uwiano wetu ni mzuri kuliko wa mjini. Ndo maana ukipita saa nne unakuta madarasa matatu yana mwalimu mmoja anazunguka, huku anaacha zoezi ubaoni anakimbilia kule. Wazazi tunachanga buku buku tumlipe kijana wa kujitolea, na mchango huo nao una masharti yake tangu ile kauli ya Januari 2018 ya kupiga marufuku michango holela, lazima upite kwenye mkutano na kibali kitoke, na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia Mei kupumzisha samaki hata hiyo buku ilikosekana, kijana wa watu akaondoka zake. Simlaumu.

Halafu sasa ndo unakuja huo ufaulu. Mwaka 2024 ufaulu wa darasa la saba kitaifa ulikuwa asilimia 80.87. Shule yetu hii ndogo inaweza kuwa na watahiniwa 14. Wakifeli wawili una kama asilimia 86, umeipita nchi, mwalimu mkuu anapigiwa makofi. Wakifeli watatu una kama 79, umeshuka chini ya taifa, unaitwa kujieleza. Tofauti ni mtoto mmoja, labda alikuwa na malaria wiki ile, labda alikuwa mwaloni anaanika dagaa kwa sababu zilikuwa siku za giza, usiku hauna mbalamwezi, na boti zilikuwa zinapata. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza kumi bora, nikajua tumepona, lakini huku chini orodha za nani wa kwanza nani wa mwisho bado zinasomwa kwenye vikao na kuzungushwa kwenye magrupu ya wasapu. Kama ni kupima shule ndogo basi chukueni miaka mitatu kwa pamoja, na muangalie pia wangapi darasa la pili wanajua kusoma, hapo mtaona mwalimu anafanya kazi au anasinzia.

Kuna jambo jingine sijasikia mtu analisema kabisa. Kwa sera mpya ya elimu, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, halafu elimu ya msingi inabaki miaka sita. Watu wote wanaongelea kidato cha kwanza cha 2028, madarasa ya sekondari yatatosha au hayatatosha, ni kweli ni hoja nzito. Lakini je huku chini? Shule ya watoto 200 itatoa madarasa mawili kwa mkupuo, tuseme watoto 50, na inayoingia ni awali moja kama kawaida. Wanabaki kama 175, ruzuku inashuka kutoka laki moja kwa mwezi mpaka kama elfu 87 na nusu. Darasa lililopungua ni moja tu, gharama nyingine zote zipo pale pale. Bajeti ya hilo anaiandaa nani?

Ombi langu kwa TAMISEMI ni dogo, kila shule ipewe kianzio kabla ya kuhesabu vichwa. Ipewe hata laki mbili kwa mwezi, sawa na posho ya mwalimu mkuu, halafu vichwa viendelee juu yake. Wilaya yenye shule ndogo 30 hiyo ni milioni 72 kwa mwaka. Yale madarasa ya UVIKO ya 2021 yalijengwa kwa milioni 20 kila moja, kwahiyo tunaongelea hela ya madarasa matatu na nusu kuendesha shule 30 mwaka mzima. Tunapenda sana kujenga kwa sababu jengo linazinduliwa, linakatwa utepe, linapigwa picha. Chaki haina utepe.

Na wakati tunasubiri huko juu, madiwani wetu wasikae tu. Asilimia kumi ya mapato ya ndani inatengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, vizuri sana, na hakuna anayewakataza kutenga kidogo tu kwa ajili ya shule zenye watoto chini ya 250 kutoka kwenye ushuru huu wa samaki tunaoulipa sisi wenyewe mwaloni. Halmashauri zinapika bajeti kati ya Januari na Machi, ikishapita hapo mpaka mwaka mwingine. Diwani wetu akirudi kata hii kabla ya hapo namuomba aje na orodha ya shule na ruzuku iliyoingia kila moja, tuisome hadharani kwenye mkutano, kila shule kwa jina lake na hela yake.

Mzazi, aliyewahi kuwa memba wa kamati ya shule
Uvinza, Kigoma