Mwanangu, rejeta kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mchoro wa jiko lako nimeupokea, nikaukodolea macho hadi mama yako akauliza kama ni hati ya kiwanja. Sinki kuhamia dirishani ni akili, hapo sikubishii. Ila rejeta ya kupasha joto chumba, ile inayopitishwa maji ya moto, nimeitafuta weee, ndipo nikaiona kwa penseli, ubavuni mwa friji: "itakaa popote". Popote!

Usiagize makabati kabla rejeta haijapata mahali pake. Nakujua, ukishapenda kitu hungoji.

Friji kazi yake ni kulitoa joto la ndani na kulitupa nje. Ukiibandikia rejeta ubavuni, mashine itahangaika kutwa kucha, na bili utalipa wewe, si aliyekuchorea. Nyuma ya kabati ndiyo kabisa usithubutu. Rejeta hupasha chumba zaidi kwa kuzungusha hewa: ya baridi inaingia chini, inapata moto, inapanda. Ukiziba mbele na juu, unapasha kabati. Chini ya rejeta acha kama sentimita 10, na usiiwekee rafu kichwani.

Zamani waliziweka chini ya dirisha ili joto likutane na ile baridi inayoshuka kwenye kioo. Dirisha lako ni la vioo viwili, kwa hiyo si lazima, na hapo umeshaweka sinki. Mimi naona ule ukuta mwembamba kando ya mlango: rejeta ndefu ya kusimama wima itaenea. Ila fundi aupime kwanza kama unabeba, maana ikijaa maji ni nzito, na mlango ukifunguliwa usiigonge. Ukikosa ukuta, kuna vile vipasha joto vya feni vinavyoingia chini ya kabati, usawa wa miguu. Vinataka umeme na vinavuma kidogo. Navyo huamuliwa kabla ya makabati. Ndiyo, narudia.

Ile vali ya rejeta yenye namba, inayopunguza na kuongeza joto, iwe mbali na oveni. Inasikia joto lililo karibu yake. Ukioka, itadhani chumba kizima kimepata moto na kuifunga rejeta, nawe mezani unatetemeka. Na kiti cha mjukuu wangu usikiweke karibu na rejeta. Maji ya boila, ile mashine inayoyapasha moto, yanaweza kupita digrii 60, na yule mtoto hushika kila kitu, kama wewe.

Ukubwa usiuchague kwa kupenda umbo. Fundi apige hesabu ya chumba, madirisha na kuta za nje. Akishamaliza kuiweka, kama juu yake ni baridi na chini ni moto, ujue kuna hewa ndani. Zima, iache ipoe, shika kitambaa, geuza ule ufunguo mdogo wa kutolea hewa taratibu: itapiga ssss, kisha maji yatachuruzika, funga. Halafu tazama presha ya boila, isiwe imeshuka. Wewe una mkono mzuri kuliko mafundi wengi, shida yako ni haraka.

Nitumie vipimo vya ule ukuta, kutoka kona hadi fremu ya mlango. Makabati yangoje, tafadhali. Mama yako anasalimu, anasema meza ya zamani usiitupe. Unaocheza ni mguu mmoja tu, gundi na skrubu zinatosha.

Baba yako