Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: wanafunzi wetu wapandishwe Amani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo, na pole na majukumu.

Ninaomba kila mwanafunzi wa sekondari wa jiji la Tanga apelekwe Amani, Usambara Mashariki, walau mara moja kabla hajamaliza kidato cha nne. Kutoka mjini hadi Muheza, kisha kupanda zile kona hadi kwenye bustani ya mimea, haizidi kilomita 80. Theluji ya Kilimanjaro watoto wetu wanaijua vitabuni, lakini mlima unaowanywesha maji hawajaukanyaga. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, Mabayani linalishwa na mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye misitu hiyo hiyo.

Ukipita Sigi, penye lango la hifadhi ya msitu wa Amani, joto la pwani linaanza kukuacha. Ukifika juu, sweta si urembo tena. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakaotesha mikafuri, midalasini, mikwinini na miti mingine ya mbali. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, walitengeneza dawa ya malaria papo hapo Amani kwa magome ya mikwinini. Mwalimu wa historia na mwalimu wa baiolojia wanaweza kugawana mti mmoja na vipindi vikaisha salama.

Somo jingine ni chungu kidogo. Mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii uliletwa huko, ukasifiwa kwa kukua haraka. Msitu ulipovunwa mbao, ukajaza mapengo, na hondohondo wanaopenda matunda yake wakazidi kuusambaza hadi ukawa tatizo kwa miti ya asili. Mtoto akioneshwa hayo njiani, hana haja ya kukariri maana ya spishi vamizi.

Tena, Mheshimiwa, ua dogo la zambarau linalopambwa madirishani Ulaya, Saintpaulia, limetoka milima hii. Lilipata jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Yeye alikaa kiti kinachokaribiana na chako, akaona thamani ya kilichoko milimani. Sisi tunapeleka wanafunzi kupiga picha kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam.

Naomba uzungumze na Wakala wa Huduma za Misitu, wanaosimamia hifadhi, ili siku za wanafunzi zipangwe na ada ya kuingia ifikike kwa mzazi wa kawaida. Waongozaji wawe vijana wa vijiji vya Amani, na walipwe. Kutembea porini bila mtu anayejua kinyonga amejificha wapi ni kuchosha miguu tu. Watoto wapewe muda wa kutembea hadi kwenye maporomoko, wasirundikwe kwenye basi saa sita mchana. Na tafadhali isigeuke uzinduzi wenye mahema, fulana na hotuba tano.

Kundi la kwanza liende Januari au Februari, kabla masika haijailainisha njia. Shule moja ya kata inatosha kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Tanga mjini