Yah: Malalamiko Kuhusu Maandalizi ya Nyumba Yetu ya Tabata Segerea Kabla ya Kuuzwa

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
17 Februari 2025

Meneja,
Kampuni ya Uandaaji na Uuzaji wa Nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi ya marehemu mama yetu, na ndiye niliyetia saini mkataba nanyi tarehe 18 Novemba 2024 ili muiandae nyumba yetu ya vyumba vitatu na kuitafutia mnunuzi. Tuko ndugu watatu. Shilingi 3,850,000 mlizotutoza kwa maandalizi tulizichanga, na sehemu ya dada yangu mkubwa ilitoka kwenye kikoba, ambako marejesho hayasubiri nyumba iuzwe. Nalisema hili mapema mjue barua hii haikuandikwa na mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Nianze na yaliyokwenda vizuri, maana yapo. Kutoa makabati matatu ya mama na lile friji bovu kuliifanya sebule ionekane sebule. Sofa mlizotukodisha zilikuwa safi, na geti mlilolipaka rangi nyeusi limependeza hadi jirani ameulizia fundi. Kwa hayo sina neno, na shilingi 1,100,000 za samani sizidai.

Kilichotuangusha ni bustani. Mtu wenu wa bustani alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa tukate mwembe dodo ulioko mbele, eti unaziba nyumba isionekane vizuri kwenye picha. Nilikataa. Akasema basi atafidia kwa bustani ya maua itakayoegemea ukuta wa sebule, upande wa magharibi. Mimi si fundi, nikakubali. Zikaja tripu mbili za kirikuu, udongo mweusi na samadi, zikalundikwa moja kwa moja ukutani hadi zikapita msingi na kufunika kozi mbili, yaani mistari miwili, za tofali. Juu yake yakapandwa maua, na mbele yake ukoka hadi kwenye pavingi. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa kaskazi na jua halina huruma, mkamleta kijana wa kumwagilia kwa mpira asubuhi na jioni. Kwetu maji ya bomba hutoka kwa zamu. Kijana alikuwa akilimaliza tenki la lita 1,000 kila baada ya siku mbili. Bili tulilipa sisi.

Anayejua ujenzi keshaelewa ninakoelekea. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1987 kwa tofali za saruji, na juu ya msingi wake imetandikwa ile nailoni ambayo mafundi huiita dipisi, ya kuzuia unyevu wa ardhini usipande ukutani. Nailoni hiyo haiwezi kitu ikiwa udongo mbichi umerundikwa ukutani hadi kupita usawa wake, kwa sababu maji hayapandi tena kutoka chini, yanaingia kwa ubavuni. Ukuta wetu ukawa unanyweshwa kutwa mara mbili, kama dozi. Na kwa ndani mlikuwa mmeshapaka ile rangi ya kijivu inayong'aa, ya kufutika kwa kitambaa, ambayo hairuhusu unyevu kutoka. Ulijikusanya nyuma ya rangi, sisi tukiwasifia wageni ukuta unavyometameta.

Tarehe 14 Desemba alikuja mzee mmoja na mkewe, wastaafu, wanaohamia Dar wawe karibu na wajukuu. Mama yule hakuingia ndani kwanza. Alivuta kiti chini ya mwembe, uleule mliotaka ukatwe, akakaa, akasema, "Baba, mimi hapa nimefika." Hawakuuliza habari za mito ya sofa wala maua ya plastiki mezani. Waliuliza maji hutoka siku gani, gari linafika masika yakikolea, na hati ina jina la nani. Bei tuliyotangaza ilikuwa milioni 185; wakatoa 178, wakaomba warudi na fundi wao baada ya sikukuu. Tuliwaandalia juisi. Usiku ule dada yangu alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu msiba.

Walirudi Jumamosi ya tarehe 11 Januari. Mzee aliinama kuangalia soketi ya ukuta wa magharibi, akaegemeza kiganja hapo, kimo cha goti. Rangi ikabonyea kama lengelenge, ikapasuka, na nyuma yake ukamwagika sakafuni unga mweupe wa chumvi uliochanganyika na plasta. Akavinusa vidole vyake. Fundi wake hakusema neno. Alianza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka kwenye kona kwenda dirishani, na sisi sote tukawa tunasikiliza: mahali pazima palilia kavu, alipofika katikati sauti ikawa ya kugonga boga. Mama wa watu alikuwa bado nje anamenya embe, hajui kinachoendelea. Jioni wakapiga simu wakasema milioni 150. Dada akawaomba watupe wiki moja turekebishe, na tangu siku hiyo simu yao inaita tu.

Nilipowapigia ninyi, nilijibiwa kwamba nyumba ni ya zamani na ukuta "ulikuwa hivyo hivyo". Jibu hilo silikubali, na ushahidi mnao wenyewe. Picha za ukaguzi mlizopiga Novemba kabla ya kazi, ambazo mlinitumia kwa simu, zinaonyesha ukuta huohuo ukiwa mkavu, na rangi ya zamani imeshika hadi chini. Kuta tatu zilizobaki za sebule, za umri uleule na tofali zilezile, ni kavu mpaka leo, na tofauti yake na ule wa magharibi ni kwamba hazikulundikiwa udongo. Fundi wetu alipoufukua udongo tarehe 20 Januari alikuta unyevu unaishia pale pale bustani inapoishia.

Hata hivyo makosa ya kazi hutokea, na kama mambo yangeishia hapo tungezungumza kwa simu, barua hii isingekuwepo. Kilichonikera ni yaliyofuata. Tarehe 15 Januari fundi rangi wenu alikuja bila mimi kujua, kijana wa bustani akamfungulia, akakwangua palipopasuka, akapiga skimu, ile plasta nyembamba ya kulainisha ukuta, na rangi nyingine juu ya ukuta uliolowa. Siku nane baadaye ukatoa chumvi tena, safari hii kwa upana zaidi. Ndipo afisa wenu akanitumia ujumbe, ninao: "Sogeza lile kabati la vitabu lizibe hapo, Jumamosi kuna wateja wawili."

Ndugu Meneja, ujumbe huo nimeusoma mara nyingi. Mimi nina jina langu kwenye barua ya mahakama ya kusimamia mirathi. Mtu akinunua nyumba hii kwangu, akavuta kabati mwezi wa pili akakuta ukuta umeoza, atakayemtafuta ni mimi, na atanipata hapa hapa mtaani, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeshuhudia mauziano. Ninyi mtakuwa mmeshachukua asilimia zenu. Niliwarudisha wale wateja wawili kwa simu, nikawaambia nyumba ina matengenezo. Nilipanga chumba kipambwe, sikupanga kumficha mtu kitu.

Picha nazo zina lake. Sebule yetu ina mita nne kwa tano. Kwa lenzi mliyotumia imekuwa ukumbi wa harusi. Bwana mmoja aliyekuja tarehe 21 Desemba alisimama katikati yake akatuuliza, kwa adabu kabisa, "Na ile sebule kubwa ya kwenye picha iko wapi?" Tulicheka wakati ule. Sasa najiuliza wangapi waligeuza gari getini.

Na koki ya bafuni. Katika karatasi niliyowakabidhi siku ya mkataba, jambo namba moja niliandika koki ya bafuni inavuja, namba mbili choo kinachelewa kujaa maji. Hadi leo koki inadondosha, na kila mteja aliyeingia bafuni alitoka akiwa ameisikia. Badala yake niliwekewa mshumaa wa harufu ya lavenda juu ya tenki la choo.

Baada ya kukubaliana na ndugu zangu, tunaomba yafuatayo. Mturudishie shilingi 950,000 za bustani, shilingi 400,000 ambazo ankara yenu inaonyesha ni rangi ya sebule, na shilingi 620,000 tulizomlipa fundi kuondoa udongo, kufumua plasta hadi kimo cha mita moja na kupiga upya; jumla shilingi 1,970,000. Stakabadhi zote nimeambatanisha. Picha za sasa ziondolewe kwenye matangazo yenu yote ndani ya siku tatu, na nyingine zipigwe bila malipo ukuta ukishakauka, zionyeshe chumba kwa ukubwa wake. Kifungu cha mkataba kinachotuzuia kutumia dalali mwingine kwa miezi sita kifutwe kwa maandishi. Na naomba maelezo ya barua, siyo ya simu, kutoka kwa aliyeagiza ukuta mbichi upakwe rangi mara ya pili.

Nitasubiri majibu hadi tarehe 3 Machi 2025. Yasipofika, nitapeleka barua hii pamoja na ule ujumbe wa kabati Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, nami sioni jina jingine la kuupa ujumbe ule.

La mwisho ni dogo. Funguo za geti dogo bado anazo kijana wenu wa bustani, na ameendelea kuja. Juzi nimemkuta saa kumi na mbili asubuhi anamwagilia shimo tulilofukua. Naomba funguo zirudi kabla ya Jumamosi, na anayezileta asije na mpira wa maji.

Mteja wenu,
Msimamizi wa mirathi

Nakala: Warithi wenzangu wawili
Viambatanisho: Mkataba, ankara, stakabadhi za fundi, picha za Novemba na za Januari, nakala ya ujumbe wa simu