Mchoro wenu wa glaida umesahau kitone kimoja

Ndugu Mhariri, pole na kazi. Ule mchoro wa kutengeneza glaida, ile ndege isiyo na injini, ya balsa, yaani mbao nyepesi laini, mliouweka ukurasa wa watoto tumeufata mwanzo mwisho mi na binti yangu, bawa refu sm 30 kwa upana sm 6, mkia sm 12 kwa 4, bodi kijiti cha sm 30, tukakata vizuri, gundi ikalala usiku mzima, asubuhi tukatoka nayo kwenye majani tukairusha. Ikanyanyua pua, ikasimama hewani kama inayowaza, halafu puu chini. Tukarusha tena kwa nguvu zaidi, na hilo ndo kosa lenyewe, safari hii ikapanda zaidi ikaanguka zaidi na bawa likapasuka. Binti akasema baba hii ndege imekosewa. Mi nikarudi kwenye gazeti, nikasoma tena na tena, kumbe hakuna mahali mmeandika isawazishwe wapi.

Glaida haina injini, kinachoisukuma mbele ni uzito wake wenyewe ikiwa inashuka taratibu, sasa uzito huo ukikaa nyuma sana pua inanyanyuka, mwendo unakufa, bawa linashindwa kubeba na ndege inatumbukia. Ukikaa mbele kupita kiasi inachoma chini moja kwa moja. Kwa bawa la mstatili kama lile lenu pa kuanzia ni kati ya robo na theluthi ya upana wake ukipima toka ukingo wa mbele, yaani kwa sm 6 ni sm 1.5 mpaka 2. Unatia kitone cha penseli chini ya bawa kulia na kushoto, unainyanyua kwa ncha za vidole viwili hapohapo, halafu unabandika plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, puani kidogo kidogo mpaka ilale sawa. Basi, dakika tano. Na si jambo la jana, Mwingereza George Cayley mwaka 1804 alitengeneza glaida ya mfano yenye mkia wa kurekebisha na uzito wa kusogeza ili kutafuta usawa huohuo, miaka 99 kabla wale ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, hawajarusha ndege yao ya injini.

Kurusha nako mngesema neno. Sio kutupa kama jiwe, unaisukuma tu, mabawa yamelala sawa, pua imeinama kidogo sana, upepo uwe usoni na uwe mdogo. Ikienda kwa mawimbi, inapanda inashuka inapanda, ongeza plastisini kama punje ya mchele ujaribu tena. Ikichoma chini punguza, au kunja ukingo wa nyuma wa mkia uende juu milimita moja hivi. Kimoja kwa wakati jamani! Ukigusa pua na mkia kwa pamoja hutojua kipi kimesaidia.

Sifa pia niwape, manake nyuzi za mbao mmesema zifuate urefu wa bawa na ni kweli kabisa, ukizipitisha upande mwingine bawa linakatika mkononi. Ila ule mkunjo wa bawa mfano wa V mmeutaja nusu mstari tu wakati ndo unaoirudisha ndege sawa ikilalia upande mmoja. Kata bawa katikati, piga msasa ule ukingo wa kuungia uwe na mshazari, laza nusu moja mezani juu ya nailoni, ya pili inyanyue ncha yake sm 5 kwa kitabu au kiboksi, tia gundi uiache. Ukija kuisimamisha kila ncha inakuwa juu sm 2.5. Kisu kiwe kikali na mpitishe mara tatu nne bila kukandamiza, balsa ni laini, ukikandamiza inabonyea badala ya kukatika, na kwa watoto wadogo mkubwa ndo ashike kisu.

Halafu rangi. Mmependekeza watoto wapake rangi wapendavyo, mi naomba mfute hiyo, au waandike jina kwa kalamu tu. Kwa vipimo vyenu mkia uko mbali na kitone mara mbili ya umbali wa pua, kwa hiyo kila gramu ya rangi au gundi ya mkiani inadai gramu mbili za plastisini mbele, na bawa zima la balsa ya milimita 2 lina gramu 6 hivi. Binti yangu alipaka mkia mzima nyekundu, tabaka mbili. Hapo mtajua wenyewe kwa nini pua yetu sasa ina donge kama pua ya bondia.

Ombi langu mchoro urudiwe na kitone kiwepo, sm 2 toka ukingo wa mbele, na mshale, sio maelezo marefu. Ya kwetu bawa tumeligundisha, jana ilienda hatua kumi ikatua kwa tumbo vizuri tu, bado inakata kushoto, nadhani bawa limejipinda kidogo tulipounga, leo jioni tunalipulizia pumzi ya moto na kulinyoosha taratibu kwa mkono.

Msomaji wenu, baba wa fundi mdogo.