Hisa 40 Nilizouza Bila Kuwa Nazo: Barua kwa Dalali Wangu

Kirinyaga Road,
Nairobi.
26 Mei 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana Meneja,

KUH: KUUZA HISA ZA KUKOPA KWA JINA LANGU BILA IDHINI YANGU, NA DOLA 987 ZILIZOKATWA

Nimewaandikia barua pepe tatu nikajibiwa moja, nayo ilisema "uwekezaji una hatari zake". Hilo nalijua tangu 2008, nilipochukua mkopo benki nikanunua hisa za Safaricom kwa shilingi 5, zikaporomoka hadi chini ya 3 huku mkopo ukiendelea kukatwa. Sikumwandikia mtu barua, kwa sababu nilikopa mwenyewe, kwa sahihi yangu. Safari hii sikukopa.

Jumanne tarehe 6 Mei, muda mfupi baada ya soko la New York kufunguliwa saa kumi na nusu jioni ya huku kwetu, niliagiza kupitia programu yenu niuze hisa zangu zote 40 za kampuni moja ya Marekani, kwa dola 52 kila moja. Nilikuwa na mzigo wa vipuri wa kulipia. Skrini ikazunguka weee, kisha ikaandika: "Agizo halijatumwa. Jaribu tena." Nikajaribu tena. Picha ya ujumbe huo nimeiambatisha. Kumbe agizo la kwanza lilikuwa limepita, na la pili nalo likapita. Mwenye hisa 40 akauza 80.

Pesa za mauzo ya kwanza, dola 2,080, nilizitoa siku mbili baadaye. Za mauzo ya pili mkazishikilia. Kwenye orodha ya hisa zangu pakabaki "-40", nami nikadhani ni alama ya kuonyesha kwamba nimeuza. Kumbe ilimaanisha nadaiwa hisa 40, mlizonikopea ili mauzo ya pili yapite.

Kuuza mali ya kukopa si jambo geni kwangu. Mteja akija akitaka shokabsoba ambayo sina, namkalisha kwenye kiti, nachepuka hadi duka la tatu, naichukua, namuuzia, na mzigo wangu ukifika namrudishia mwenyewe nyingine kama ile. Bei ikipanda kabla sijanunua ya kurudisha, naumia mimi. Lakini jirani anajua nimechukua, ameandika kwenye daftari lake, na mimi najua nadaiwa. Ninyi mlichukua kwa jirani nisiyemjua, mkamuuzia mtu nisiyemjua, deni mkaliandika kwa jina langu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kwenye soko letu la hisa la Nairobi, NSE, nimezoea kwamba hisa zisipokuwemo kwenye akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa za mtu, agizo la kuuza halipiti, basi. Mtanijibu kuwa Marekani ni kwingine na akaunti yangu ni ya marjini, yaani inayoruhusu kununua na kuuza kwa mkopo wa dalali. (Kijana wangu wa dukani huiita akaunti ya majini, na nimeacha kumsahihisha.) Sawa. Lakini huko huko Marekani, kanuni iitwayo Regulation SHO, inayotumika tangu 2005, inamtaka dalali atie alama kila agizo la kuuza: hili ni la mwenye hisa, hili ni la asiye nazo. Na kabla ya kupitisha la asiye nazo, awe na sababu ya kuamini kwamba hisa za kukopa zitapatikana. Kwa hiyo kuna mtu, au mashine, iliyotazama agizo langu la pili ikaona kabisa kwamba sina hisa, ikalitia alama, ikanitafutia mkopo. Iliweza kufanya hayo yote ikashindwa kuniuliza, "Mzee, una hakika?"

Yaliyofuata mnayo kwenye kumbukumbu zenu. Kampuni ikatoa gawio, na kwa kuwa hisa zilikuwa za mtu, mkanikata dola 16 nimlipe mwenyewe gawio lake. Mkakata dola 11 za ada ya kukopa. Tarehe 22 Mei, baada ya matokeo mazuri ya kampuni, bei ikaruka hadi dola 76. Saa nne na dakika ishirini usiku mkanitumia barua pepe kwamba akaunti inatakiwa kuwa na dola 1,512 kama dhamana na ina 1,413, niongeze. Nilikuwa nimelala. Saa nne na dakika hamsini mkanunua hisa 40 kwa dola 3,040 mkamrudishia mwenyewe kufunga deni, na kwa kuwa pesa mlizoshikilia hazikutosha, mkauza hisa zangu nyingine ambazo hazikuhusika na lolote.

Pengo lililowatia wasiwasi lilikuwa dola 99. Mngenipigia simu ningezituma kwa M-Pesa kabla sijavaa viatu. Najua kuna kifungu kinachowaruhusu kufunga bila kunisubiri, nimekisoma, sasa. Ndiyo maana sibishani nanyi juu ya zile dakika thelathini. Nabishana juu ya tarehe 6 Mei, kwa sababu lile deni lisingezaliwa, pasingekuwa na cha kufunga usiku.

Naomba mnirudishie dola 987, yaani 960 za hasara (3,040 za kununulia toa 2,080 za mauzo ya pili) pamoja na ile 16 na 11, na kwa pesa hizo hizo mzinunue tena zile hisa zangu nyingine mlizouza, kwa idadi ile ile. Nipeni pia kumbukumbu za maagizo yote mawili, zikionyesha saa na alama iliyowekwa kwenye kila moja. Akaunti yangu iwe ya fedha taslimu kuanzia leo. Sikuwahi kuhitaji nyingine, niliikuta imewashwa nilipojisajili.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitaipeleka barua hii pamoja na taarifa ya akaunti kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Napatikana dukani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo, tafadhali nipigieni simu, si barua pepe.

Wenu mteja,
(Jina na namba ya akaunti vimo kwenye nakala iliyoletwa ofisini kwenu.)